Pumzi ya Kabla ya Utukufu

To. Tone la maji lilianguka ndani ya sufuria. To. Mtaani Bagira kulikuwa bado hakujakucha, na mvua ilikuwa haijakata tangu jioni. Maman Virginie alishuka kitandani, akapiga magoti kando ya meza ili asogeze sufuria chini ya tundu jipya la bati.

Hapo kilima cha nyuma ya nyumba kikashuka.

Alipozinduka alikuwa amelala kifudifudi, meza imemfunika mgongo, udongo umembana miguu hadi kiunoni. Giza tupu. Alipiga kelele mpaka koo likawaka.

“Maman Virginie! Acha makelele. Utamaliza hewa.”

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Ilikuwa ya Papa Anaclet, jirani yake, kiongozi wa kwaya ya parokia. Tangu Pasaka walikuwa hawasalimiani. Alikuwa amempa mama mwingine solo aliyozoea kuiimba Virginie, na Virginie akaacha kwaya, akaacha hata kumtembelea kunywa chai. Sasa alimwona akilini, amechuchumaa nje na lile koti lake la kahawia. Nyumba ya Anaclet ilikuwa ya matofali. Hiyo isingechukuliwa na mvua.

“Nitoe!” alilia.

“Batu banakuja. Kwanza pumua. Unakumbuka ile pumzi ya kabla ya kuimba Utukufu? Na tumbo, hapana na mabega. Vuta na pua. Ishike. Sasa itoe polepole, kama unapoza uji.”

“Miye nakufa, weye unanifundisha kuimba!”

“Na ulikuwa unakosea kila dimanche kwenye misa. Vuta.”

Akavuta. Mbavu ziligota kwenye meza, hofu ikampanda, pumzi ikakatika vipande vipande. Akalia. Sauti haikumkaripia. Ilingoja, kisha ikaanza upya, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

“Vuta. Ishike. Itoe.”

Safari hii pumzi ilishuka hadi tumboni. Moyo ukapunguza mbio.

“Kumekucha huko?” aliuliza.

“Utaniambia weye.”

Alikasirika. Miguu ilikuwa inakufa ganzi, na huyu anafanya mizaha!

“Anaclet, umekaa tu hapo na mikono yako! Kamata jembe!”

“Ndivyo ulivyokuwa hata kwenye kwaya. Kutoa amri.” Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu.

Kikohozi kikafifia kama cha mtu anayeondoka.

“Papa Anaclet? Usiende.”

“Siendi, maman. Vuta na pua.”

Waliendelea hivyo, pumzi baada ya pumzi. Tangu mume wake afariki, hakuna mtu aliyekuwa amekaa naye kwa subira namna ile.

Kisha, mbali, majembe.

“Banachimba!” alisema Virginie. “Nawasikia juu yangu! Waite, weye uko na sauti kubwa!”

“Siko na sauti leo. Sufuria yako iko wapi?”

“Mbele yangu. Mkono haufiki.”

“Toa pumzi yote. Yote, mpaka tumbo lishikane na mgongo. Utakuwa mudogo. Hapo nyoosha.”

Akatoa pumzi yote. Mbavu zikaachana na meza kidogo tu, bega likapenya, vidole vikagusa ukingo baridi wa sufuria. Akaigonga kwa pete yake ya ndoa. Akagonga tena, na tena, huku akipumua kwa tumbo.

“Hapa! Kuna mutu hapa!” mchimbaji mmoja aliita kutoka juu.

Mwanga uliingia kwa ufa. Ikaja mikono. Mugisho, fundi wa pikipiki, alimvuta nje, akavua shati lake mwenyewe akampangusa nalo matope usoni. Mvua ilikuwa imekatika.

“Mushukuru Papa Anaclet,” alisema Virginie akihema. “Amekaa na miye tangu mwanzo. Yuko wapi?”

Mugisho alikuwa akitazama nyuma ya Virginie.

Virginie akageuka. Pale ilipokuwa nyumba ya matofali palikuwa na udongo mtupu, na kutoka chini yake, ndani sana, ikapanda sauti kwa pumzi fupifupi:

“Umetoka? Vizuri. Basi rudia kunitembelea, maman. Uje na jembe.”