Kifungo cha Gauni

Daktari alimwonyesha Shomari picha ya kromosomu zake: vijiti viwili viwili, ila kipande cha kimoja kilikuwa kimehamia kusiko kwake.

"Mwanao amerithi kwako, hapa, baba. Ndiyo maana akili yake imechelewa. Si kosa la mtu."

Miaka saba Shomari alikuwa akimwambia mkewe kwamba amembemenda mtoto, kwamba alimdumaza kwa kulala na wanaume wengine huku ananyonyesha.

Nje, mkewe Mwanakombo alikuwa kwenye benchi, akimfundisha binti yao Siti kufunga vifungo vya gauni.

"Wamesema ni mimi?" aliuliza bila kuinua uso.

Shomari aliikunja ile picha. Akapiga magoti amsaidie mtoto, lakini Siti aliusukuma mkono wake, akakipitisha kifungo kwenye tundu lisilo lake, kisha akamtazama baba yake, akingoja asifiwe.