Mpira Chumbani

Siku gari la kunyonya vyoo lilipofika mtaani kwa mara ya kwanza, mpira wake ulikuwa mfupi. Ukizungushwa uchochoroni haufiki. Dereva akamwomba Siwema aruhusu kipande cha ukuta wake kibomolewe, mpira ukatize chumbani mwake kwenda kwa jirani yake wa juu ya mteremko, mjumbe wa mtaa. Mjumbe ndiye wa kwanza.

"Bomoeni," alisema Siwema. Kila mvua iliponyesha, mjumbe alikitapisha choo chake kwa kuzibua tundu la ubavuni, na kinyesi kikateremka hadi mlangoni pa Siwema. Leo yangekwisha.

Mpira ulilala juu ya godoro la wanawe, ukinguruma na kuvuja. Ulipovutwa nje, Siwema alimfuata dereva.

"Na changu? Kimejaa pomoni."

"Tangi nalo limejaa, mama. Tutarudi."

"Lini?"

Dereva alitazama mawingu, akawasha gari.

Mvua ilipoanza, maji machafu yalikuwa yamefika ukingoni mwa shimo la choo chake. Siwema aliinama ubavuni mwa choo, penye tundu alilotoboa marehemu mumewe. Siwema mwenyewe ndiye aliyeliziba kwa kanga kuukuu, akaapa hatamfanyia mtu unyama ule.

Bondeni, jirani yake wa chini, Mwanakheri, alikuwa anaanua nguo za mtoto.

"Shoga, hongera!" alipaza sauti. "Nimeuona mpira ukitoka kwako. Sasa na sisi wa huku chini tutapumua!"

Siwema alimpungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshaanza kuivuta kanga.