Jina Lisilosogea

Ukipotelewa na mtu, jina lake hukaa juu ya kila orodha kwenye simu yako. Sukuma orodha utakavyo, lenyewe halisogei, na kila mwaka hujitanua mstari mmoja. Mwaka huu wa tisa, jina la Sefu lilikuwa limemwachia mama yake, Bi Mwanakombo, mstari mmoja tu wa kusoma. Pembeni ya jina palikuwa na kitufe: Amefariki. Ukikibonyeza, jina huondoka wala halirudi.

Asubuhi hiyo alikuwa akitafuta dawa yake ya presha kwenye orodha ya duka, kidole kimejaa unga wa maandazi. Kidole kikateleza. Jina likatoweka, orodha ikajaa kioo kizima.

Hajakaa sawa, majirani wakapiga hodi na mikeka na masufuria ya matanga. Simu zao zilikwisha kupewa habari.

“Hajafa!” akapiga kelele. “Nimeteleza tu, jamani!”

Bi Zuhura wa nyumba ya pili, ambaye mumewe naye alipotea, akamkumbatia.

“Najua, shoga,” akamnong’oneza. “Hata mimi niliteleza.”

Kisha akamfuta ule unga kidoleni.