Nevena Hanyamazi

Afisa wa mpakani aliirudisha karatasi kwa mara ya tatu. Muhuri upo, alisema, sahihi ya mfasiri ipo, lakini cheti cha familia walichopewa kijijini kwao kimepitwa na wakati kwa siku mbili. Poliksini alimtazama kama mtu anayetafuta pa kupiga. Siku mbili hizo walizipoteza kulekule Bulgaria, wakimsubiri hakimu aliyekwenda harusini.

Mikononi mwake Nevena alikuwa akilia. Alikuwa na mwaka na miezi miwili, na alianza kulia asubuhi walipomtoa kwenye nyumba ya watoto yatima ili awe mwana wao. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri. Alikataa maziwa, akakataa biskuti, akaitupa ndizi kwenye kiatu cha Lazaro, mume wa Poliksini. Poliksini alimwimbia nyimbo zote alizozijua na kumbembeleza kwa Kigiriki mpaka koo likamkauka. Mtoto alimtazama mdomo, akazidi kulia.

Miaka tisa ya kungoja, safari mbili za kuvuka mpaka, na mtoto mwenyewe hamtaki. Hilo ndilo lililomchoma, wala si cheti.

"Nimpigie mama," alisema Lazaro. "Amwombe karani wa kijiji atutumie kipya kwa faksi."

"Mpigie. Mimi sina maneno naye."

Alikuwa na haki ya kususa. Kwao Ugiriki mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wala halina mjadala. Lakini Poliksini alipokwenda kuuliza kwa adabu zote, Bi Sultana, mama yake Lazaro, aliendelea kuchambua maharage yake, akajibu kwamba jina lake halitolewi, watafute jingine. Akaongeza na sharti: lugha ya huko mtoto anakotoka isisikike ndani ya nyumba yake, hata neno moja.

Sharti hilo halikumshangaza sana Poliksini. Pale kijijini, karibu na mpaka, nani asiyejua habari za wazee ambao zamani, lugha hiyo ilipopigwa marufuku, walikutwa sokoni wakiizungumza, askari wakawanywesha mafuta ya mbarika mbele za watu mpaka wakaharisha? Poliksini alichukulia kwamba mama mkwe wake alikuwa upande wa askari, na mpaka leo hajatoka huko.

Afisa aliwaruhusu kutumia simu ya ofisini. Bi Sultana alisikiliza habari za cheti bila kuitikia, kisha akauliza nani analia namna hiyo.

"Nani mwingine, mama? Ndiye huyo."

"Msogeze nimsikie."

Lazaro aliusogeza mkono wa simu kwenye kinywa cha mtoto. "Vo, vo," alilia Nevena, kama alivyokuwa akilia tangu asubuhi.

"Ana kiu," Bi Sultana alisema. "Mpeni maji. Maziwa, maziwa, mtamsonga bure." Akakata simu.

Poliksini alitamani kuing'oa ile simu ukutani. Mtu aliyemnyima mtoto jina sasa anawafundisha kulea! Hata hivyo alimpa mtoto maji. Nevena akanywa kikombe kizima, akatulia robo saa, halafu akaanza upya.

Cheti kiliingia kabla ya saa kumi. Lazaro alimsifu sana karani kwa utu wake, maana kila siku ofisi ile hufungwa saa nane, na karani akishakwenda kulala mchana hakuna anayethubutu kumgongea mlango.

Walifika kijijini jua likiwa bado halijazama. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao nje, wamegeuza shingo zote upande mmoja. Bi Sultana alisimama mlangoni na nguo zake nyeusi, mikono ameificha ndani ya aproni. Hakumbusu mtoto wala hakumpokea. Alisema tu waingie ndani, waache kuwafanyia watu sinema.

Ndani, Poliksini aliketi kwenye ngazi na koti lake mwilini. Nevena alimsukuma kifuani kwa mikono miwili, akajipinda nyuma huku akipiga mayowe.

"Hanitaki," alisema Poliksini. "Tumemtoa kwa watu wake tukamleta kuteseka. Jumatatu tumrudishe, Lazaro. Kweli tena, tumrudishe."

Lazaro alibaki amesimama na begi mkononi. Ndipo Bi Sultana alipoinama, akamchukua mtoto mapajani mwa mkwewe bila kuomba ruhusa, akaingia naye jikoni na kuusukuma mlango kwa kisigino.

Kilio kiliendelea kidogo, kisha kikakatika ghafla.

Ukimya ule ulimtisha Poliksini kuliko kelele za mchana kutwa. Aliruka kutoka kwenye ngazi, Lazaro nyuma yake na begi bado mkononi, wakaufungua mlango.

Bi Sultana alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto amemlalia begani. Alikuwa akimsemesha sikioni, kwa haraka, bila kutafuta neno hata moja, na hakukuwa na neno la Kigiriki katika hayo yote. Nevena alikuwa akimjibu kwa vimaneno vyake vichache, huku akiuvuta mtandio mweusi wa bibi huyo. Poliksini akakumbuka ile "vo, vo" ya kwenye simu, na kikombe cha maji.

Lazaro alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ndiye mtoto pekee wa mama huyo, wala hakuwahi kumsikia akisema lugha hiyo.

"Mama," alisema, "hiyo lugha umejifunzia wapi?"

Bi Sultana hakugeuka.

"Funga dirisha kwanza," alisema. "Majirani wanasikia."