Nyegere na Mapango ya Watano

Wanyama arobaini walikuwa na chama cha kurina asali, na Ngiri alikuwa mwenyekiti. Kila msimu waliliendea pango kuu la nyuki wote pamoja. Mwaka mmoja yakagunduliwa mapango madogo, yasiyoingiwa na zaidi ya watano. Hodari wakachaguana, wakashiba. Wazito na waoga hawakuitwa na mtu, wakaanza kujitoa chamani mmoja mmoja.

Ngiri akaitisha kikao. "Mapango madogo yanatuulia chama. Kuanzia leo ni marufuku."

Nyegere, mrinaji ambaye kila kundi lilimgombania, akasema, "Usiyafunge, mwenyekiti. Niachie mimi." Ngiri akakubali kungoja.

Kesho yake akawapita rafiki zake, akaenda kwa Kobe. "Twende, ndugu yangu."

"Nitawachelewesha."

"Basi tutachelewa pamoja."

Kila siku alichukua wanne wasioitwa, akawafundisha pa kupanda na pa kujificha nyuki wakichachamaa. Mara nyingine walirudi mikono mitupu, naye hakulalamika.

Msimu wa pango kuu ulipofika, nyuki walimiminika kutoka kwenye ufa, hodari wakatimua mbio. Kobe akauziba ufa kwa gamba lake, na wale wanyonge wakayatoa masega yote. Arobaini wakala.

Ngiri akamuuliza Nyegere, "Ulijuaje kwamba Kobe ataweza?"

"Sikujua, mwenyekiti. Miaka yote tulipokuwa arobaini sikuwahi kumwona. Nilimwona tulipokuwa watano."