Pole Haipokelewi Ugenini

Pimbi alikuwa na pango lake mwambani, hadi jeshi la mbwa mwitu lilipolivamia na kumfukuza yeye na wanawe. Akakimbilia kwenye baraza la wanyama wakubwa.

Twiga akasema amesikitishwa mno. Nyati akalaani vikali. Tembo, mwenyekiti, akazisihi pande zote mbili zijizuie, ingawa upande mmoja ulikuwa umesimama mbele yake bila hata pa kulala.

"Pole sana, ndugu Pimbi," wakamalizia, wakaanza kuinuka.

Pimbi akameza hasira. "Nimeshukuru, wazee wangu. Ila kwetu pole haipokelewi ugenini. Mwenye msiba hufuatwa kwake."

Hakuna aliyetaka kuonekana hana adabu. Wakaongozana naye, Tembo mbele, vumbi likatimka. Mbwa mwitu walipochungulia na kuliona kundi lile, hawakungoja salamu. Wakatokomea upande wa pili wa mwamba.

"Mbona hawapo?" Nyati akauliza.

"Wamekimbia. Wamedhani mmekuja kupigana."

Tembo akashtuka. "Sisi? Sisi tumekuja kutoa pole tu."

"Najua, mzee," Pimbi akasema, huku akiwatandikia jamvi. "Lakini wao msiwaambie."