Saa Aliyoipanga Mkewe

"Tukibadilisha betri, mzee, mipango yote iliyomo garini inafutika," fundi wa magari mjini Tromsø, kaskazini mwa Norwei, alimwambia Torleif. "Utapanga upya, dakika mbili tu. Kampuni haikuagiza bure magari haya yarudishwe karakana. Mawili yameshawaka moto kwa sababu ya betri hii."

Torleif alikigusa kioo cha mbele. Kila asubuhi ya kazi, saa kumi na mbili na nusu, gari lake la umeme lilijipasha joto lenyewe mpaka barafu ikayeyuka kiooni. Marehemu mkewe ndiye aliyelipangia saa hiyo. Mpaka leo Torleif hulitazama kutoka dirishani, kikombe cha kahawa mkononi.

Fundi akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Torleif akaurudisha mfukoni. "Nisipobadilisha, niliegeshe mbali na nyumba kiasi gani?"

"Mita kumi na tano. Lakini mzee..."

"Basi kutoka dirishani bado nitaliona."